Barua kwa Mhariri: Mabao yaliyosahaulika katika hoki ya vyuo vikuu

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniuma ninapofuatilia hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani, nalo ni namna tunavyoandika habari za timu inayofungwa bao wakati yenyewe ndiyo yenye mchezaji wa ziada.

Kila timu huwa na kipa na wachezaji watano uwanjani, na anayetenda kosa dogo hukaa benchi la adhabu kwa dakika 2, wenzake wakabaki wanne. Watano wakifunga, aliyeadhibiwa huachiliwa papo hapo; wanne wakifunga, adhabu yao huendelea vilevile. Timu yenye mchezaji wa ziada hufunga takriban mara moja katika nafasi tano za namna hiyo, na asilimia hiyo ndiyo inayotangazwa kuwa kipimo cha ubora wake. Mabao ambayo timu hiyo imefungwa katika dakika hizohizo hayaingizwi katika hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa timu mbili zilizopata nafasi 100 kila moja. Ya kwanza imefunga 21 na kufungwa 9. Ya pili imefunga 18 na kufungwa 2. Tunaisifu ya kwanza, ilhali faida yake halisi ni mabao 12, na ya mwenzake ni 16.

Lawama nazo huangukia wasiostahili. Bao la namna hii likiingia, tunamwandama beki aliyepokonywa paki, yaani kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira, kwenye mstari wa buluu unaotenga eneo la kushambulia, au kipa aliyeachwa peke yake. Tunasahau kwamba mara nyingi beki huyo hakuwa na mwenzake, kwa kuwa makocha wengi hupanga washambuliaji wanne na beki mmoja, anayesimama nyuma kabisa akigawa pasi kushoto na kulia. Shuti lake likigonga miguu ya mzuiaji, au pasi ikimponyoka kwenye gongo, hana wa kumsaidia: wenzake wote wako mbele yake, wamezoea kushambulia kuliko kurudi nyuma kulinda, na anayekimbia na paki huenda ndiye mwenye kasi kuliko wote uwanjani. Hatari kama hiyo imo katika pasi ya kumwachia mwenzako aliye nyuma, timu inapopanda kutoka eneo lake; mpinzani mmoja akiibashiri, ana kipa tu mbele yake.

Sisemi mpango huo uachwe, maana ndio unaoleta mabao. Nasema ni uamuzi wa kocha, na bei yake ijulikane, hasa katika mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ambako timu 16 za wanaume hutoana kwa mechi moja moja na bao moja laweza kumaliza msimu mzima.

Kwa hiyo naomba waandishi wako, wanapotaja asilimia hiyo, wataje pia mabao ambayo timu imefungwa ikiwa na mchezaji wa ziada, na baada ya mechi wamuulize kocha, kabla ya kumuuliza kijana aliyepoteza paki, kwa nini hakubaki mtu wa pili nyuma.

Msomaji wako