Mpaka wa maji baridi utangazwe kwa wavuvi

Mhariri,

Mara nyingi husikia ikisemwa, hata na watu waliosoma, kwamba setilaiti huwaona samaki. Haiwaoni. Kinachopimwa kutoka angani ni joto la uso wa bahari, rangi ya maji na kimo cha uso huo, na faida ya vipimo hivyo kwa mvuvi wa Malindi, Kipini au Lamu inatokana na jambo ambalo manahodha wetu walilijua zamani, kwamba jodari hupenda kuzunguka pale maji yanapobadilika, yaani maji baridi yanapopakana na yenye joto.

Msimu wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini hadi ukakutana na mkondo wa pwani yetu unaopanda kutoka Tanzania, kisha yote miwili huelekea mashariki, bahari kuu. Mahali pa kukutana huhamahama. Upepo huohuo, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta na dunia inazunguka, huyasukuma maji ya juu kushoto kwa mwelekeo wake, yaani mbali na pwani, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini kushika nafasi yake. Somalia ni kinyume: huko ni kusi inayoyapandisha maji, tena kwa nguvu sana, hata karibu na Ras Hafun joto la bahari mwezi Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kwa hiyo asidanganywe mvuvi wa Kenya kwamba msimu wa kule ndio wake.

Kwenye mipaka ya mikondo kama hii humeguka pia mizunguko ya maji baridi, ambayo katikati yake uso wa bahari huweza kubonyea kwa sentimita chache tu. Tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon, inayopima kimo cha bahari, iliporushwa mwaka 1992, hata mibonyeo midogo kiasi hicho hupimika kutoka angani.

Picha za joto na rangi ya bahari hutolewa bila malipo, na meli kubwa za kigeni zinazovua jodari huzitumia. Bandarini ninaponunua samaki, sijakutana na nahodha aliyewahi kuonyeshwa hata moja. Hilo linaniuma zaidi nikikumbuka kwamba setilaiti zilianza kurushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano la baharini hapo Ngomeni, mwaka 1967, wavuvi wa hapo wakitazama. Nchini India, kituo cha taarifa za bahari cha INCOIS, mjini Hyderabad, huwatangazia wavuvi, kwa lugha zao, maeneo yanayoelekea kuwa na samaki.

Naziomba taasisi zetu za bahari na za hali ya hewa zitoe taarifa kama hiyo kwa Kiswahili: mpaka wa maji baridi uko maili ngapi kutoka Ras Ngomeni, na upande gani. Tarehe ya picha itajwe daima, maana vipimo vya joto vyenye undani havipenyi mawingu, na mtu akifuata mpaka wa siku nne zilizopita atachoma petroli bure. Siku ya mawingu, isemwe wazi kwamba hakuna picha.

Kaskazi huanza Desemba. Taarifa ya kwanza yaweza kusomwa redioni mwezi huo, pamoja na saa za maji kujaa na kupwa.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Malindi