Kwa vijana wanaojiandaa kupanda jukwaani na piano

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaomaliza chuo cha muziki na kujiandaa kwa mashindano. Nimefundisha wenzenu kwa muda mrefu, na tabia yenu moja naijua. Mkono unauma tangu asubuhi, mnautia kwenye maji ya moto, mnaunyoosha kidogo, kisha mnarudi kitini. Mwalimu akiuliza, jibu ni lile lile: niko sawa, mwalimu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Acheni kuficha maumivu ya mikono.

Mpiga piano Leon Fleisher mnamfahamu. Mwaka 1952, akiwa na miaka 23, alishinda shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels, Mmarekani wa kwanza kulishinda. Akarekodi konseto, yaani kazi za piano na okestra, za Beethoven na Brahms, pamoja na okestra ya Cleveland ikiongozwa na George Szell, na wengi bado tunazirudia. Kisha, mwaka 1964, kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, wala hakuviamuru. Akafanya ambalo kila mmoja wenu angelifanya: akazidisha mazoezi. Vidole navyo vikazidi kujikunja, mpaka mkono ule ukawa haufai kwa jukwaa.

Maradhi yale huitwa distonia. Kidole chenyewe hakina jeraha; amri zinazotoka kwenye ubongo ndizo zinazovurugika, na wanaopatwa mara nyingi ni watu wanaorudia mwendo mdogo mdogo kwa miaka. Fleisher alikaa takriban miaka thelathini kabla ya kurudi kupiga kwa mikono miwili mara kwa mara, akisaidiwa na sindano za kulegeza misuli na ukandaji wa mwili, na hata hapo hakusema kwamba amepona. Katikati alifundisha, akaongoza okestra, akapiga kazi za mkono wa kushoto, ikiwemo konseto ambayo mtunzi Ravel alimwandikia mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi. Mimi nawaomba muihesabu ile miaka kwanza.

Sisemi kwamba kila maumivu ni distonia. Mengi ni ya kano na misuli iliyochoshwa, na hayo hutulia yakipewa mapumziko mapema. Taabu ni kwamba mnachelewa. Mnaogopa kwamba waandaaji wakisikia watamwita mwingine, na kwamba mwenzenu wa chumba cha pili ataonekana imara kuliko ninyi. Wakati huo huo yeye naye anaficha maumivu yake! Ongeeni, wanangu. Mmoja akithubutu kusema, wengine watamfuata.

Na mjue ukubwa wa viganja vyenu. Piano iliyozoeleka haikupimwa kwa kiganja kidogo, na mwenye kiganja kidogo anayelazimisha akodi pana, yaani sauti kadhaa zilizo mbalimbali zinazobonyezwa pamoja, kwa saa nyingi anaumia haraka. Josef Hofmann, aliyekuwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa zama zake, alikuwa na mikono midogo, na watengenezaji wa piano wa Steinway walimtengenezea piano zenye vitufe vyembamba. Mtunzi Rachmaninoff alimtunukia Konseto yake ya Tatu ya mwaka 1909. Hofmann hakuipiga hadharani hata mara moja, na heshima yake haikupungua. Kwa hiyo mwalimu akikupa kazi isiyokaa mkononi mwako, mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Kuhusu saa za mazoezi, nina jambo moja tu: kazi nyingi ifanyeni mbali na piano. Kaeni na nota mezani. Sehemu ya mkono wa kushoto iimbeni kwa sauti, amueni kila kidole kitue wapi na pumzi ya sentensi ya muziki iishie wapi. Nimewaona wanafunzi wakirudia kurasa mbili mara hamsini kwa sababu hawakuwahi kuamua kidole cha nne kinakwenda wapi. Mkono unalipia uvivu wa kichwa.

Shindano nalo lisiwatie wazimu. Mpiga piano Van Cliburn alishinda shindano la Moscow mwaka 1958 akiwa na miaka 23, akapokewa New York kwa maandamano ya barabarani. Kisha kila ukumbi ukataka konseto zile zile alizoshindia, na mwaka 1978 akajiondoa jukwaani. Lakini mpiga piano Arthur Rubinstein alikuwa bado anapiga hadharani mwaka 1976, akiwa na miaka 89. Mikono mliyonayo leo ndiyo itakayowafikisha kwenye umri huo, basi mikataba isainini kwa hesabu hiyo. Maonyesho matatu katika miji mitatu ndani ya siku nne, kila mahali piano ngeni, hiyo ni ratiba ya kukataa. Wakala akinuna, mwacheni anune.

Mwenye kidole kinachomsumbua sasa asingoje onyesho la mwezi ujao lipite. Amwambie mwalimu wake leo, na wiki hii atafute daktari anayewatibu wanamuziki. Akifika huko apige kipande kile kile kinachomuumiza, daktari auone mkono ukiwa kazini.

Mwalimu wenu mzee