Mwandishi wenu apewe baiskeli yenye mizigo

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno. Mmekosea matokeo ya mpira, nikanyamaza. Mmechapisha fumbo la maneno na kusahau majibu yake, nikanyamaza. Lakini ile makala ya utalii wa baiskeli kwenye mabonde ya mito, yenye picha ya baiskeli iliyoegeshwa ukingoni jua likizama, imenishinda. "Fuata mto tu," kaandika mwandishi wenu, "mto hauna milima." Mto hauna milima! Sasa hilo bonde amedhani limetengenezwa na nini?

Yanayoteremka ni maji. Barabara hailazimiki kuyafuata. Kwenye nchi ya vilima bonde huwa jembamba, na nafasi ya chini inagombaniwa: mto umeshachukua yake, reli ikachukua iliyobaki, barabara kuu ya malori ikajibana kando. Kile kibarabara kitulivu ambacho ndicho msomaji wako anakitafuta kimesukumwa juu, ubavuni mwa kilima. Na kila kijito kinachoingia mtoni kimejichimbia kibonde chake, kwa hiyo kibarabara kinashuka hadi kwenye kidaraja, kinapinda, kinapanda tena upande wa pili. Vijito kumi vya kupanda mita 60 kila kimoja ni mita 600 za kupanda, na jioni unajikuta uko chini kuliko ulikoanzia asubuhi. Ndiyo maana watu wanafika hoi wakiilaumu ramani. Ramani haina kosa, inaonyesha mistari yote ya mwinuko kwa anayetaka kuitazama. Walichokisoma ni makala.

Halafu upepo, ambao mwandishi hakuugusa kabisa. Siku ya jua hewa ya bondeni hupata joto na kuvuma kuelekea juu milimani, kwa hiyo anayeteremka na mto alasiri anapigwa nao usoni mpaka machweo. Sentensi moja tu ingetosha: ondoka alfajiri.

Sisemi kwamba njia tulivu, zisizo na magari wala kuvunja magoti, hazipo. Zipo, na nzuri kweli kweli, ila zilichongwa zamani kwa kazi nyingine. Kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, kando ya mto Danube, ni kilomita 320 hivi, na katika urefu wote huo mto unashuka kama mita 130 tu. Sehemu nyingi unapita palepale walipopita farasi wakivuta mashua kwenda kinyume cha mkondo, na farasi anayevuta mashua hapandishwi kilima. Treni ni vivyo hivyo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, kwa hiyo wajenzi walijitahidi mwinuko usizidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100, na pale ambapo barabara ingezunguka na kupanda, wao walitoboa mlima. Reli ikifa, tuta linabaki. Kusini mwa Hispania, kati ya Puerto Serrano na Olvera, kuna kilomita 36 za tuta la namna hiyo zenye mahandaki 30, zinakatiza vilima na mabonde huku tumbusi wakizunguka juu ya jabali la Zaframagón. Kichekesho ni kwamba treni haikuwahi kupita pale hata siku moja, mradi uliachwa njiani, na leo wanaoufaidi ni waendesha baiskeli. Marekani nako, ukitoka Cumberland kuelekea Pittsburgh kwa njia ya Great Allegheny Passage, ambayo nayo ni tuta la reli ya zamani, unapanda zaidi ya mita 500 katika kilomita 38 hivi za mwanzo, na watu wenye mahema mgongoni mwa baiskeli wanapanda huku wakipiga soga. Ukitoka hapohapo Cumberland kwenda upande wa pili, hadi Washington, ni karibu kilomita 300 za ukingo wa mfereji ambako nyumbu walivuta mashua hadi mwaka 1924. Mvua ikinyesha ni tope tupu, lakini kilima hukioni. Mwandishi wenu angetaja tuta la reli na ukingo wa mfereji, hayo mawili tu, nisingeshika kalamu.

Sasa nije kwenye lililonichoma hasa. Makala inasema njia hizi "hazina magari kabisa," kana kwamba magari yamejiondokea yenyewe kwa adabu. Hamjaona yanavyozuiwa! Mwaka jana nilikuwa kwenye mojawapo ya njia hizo za reli ya zamani, mto chini, msitu juu, husikii kitu isipokuwa cheni yako mwenyewe na changarawe chini ya tairi. Nikafika kwenye geti. Si geti la kufungua na kufunga, ni vyuma viwili vilivyopishana, kimoja kutoka kushoto, kimoja kutoka kulia, vikaachiana upenyo wa kupita mtu mwembamba aliyegeuka ubavu. Baiskeli tupu unaweza kuipenyeza ukiisimamisha kwa gurudumu la nyuma kama farasi wa sarakasi. Yangu haikuwa tupu. Mkoba wa kulia ukanasa kwenye chuma, nikarudi nyuma, usukani nao ukanasa. Nikaanza kufungua: mikoba ya nyuma, mikoba ya mbele, hema, godoro la kukunja, vyote nikavipanga kwenye majani yenye umande, nikainua baiskeli, nikaivusha, nikarudi kufuata mizigo. Katika kuhangaika huko ndoano ya mkoba mmoja ikakatika. Ni kile kipande cha plastiki kinachong'ata bomba la keria, hakizidi kidole gumba, na kikikatika mkoba mzima unaning'inia na kulamba spoki. Nimepiga magoti nafunga kamba pale, nasikia mngurumo. Kijana juu ya pikipiki, hana haraka, akakata kushoto kabla ya geti, akapita kwenye pengo la uzio lililokanyagwa hadi majani yakaisha, akarudi njiani hatua chache mbele yangu na kunipungia mkono. Akanipungia mkono, Mhariri! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Chuma kilichowekwa kwa ajili yake kilimzuia kila mtu isipokuwa yeye: mimi na mizigo yangu, mzazi mwenye kigari cha mtoto, mwenye baiskeli ya viti viwili, na mtu wa kiti cha magurudumu ambaye hana hata hiyo nafuu ya kunyanyua na kuvusha. Wala geti hilo halikuwa la mwisho. Kila njia ilipokatiza barabara, vyuma viwili tena, mizigo chini, mizigo juu. Aliyevibuni naamini alivipima akiwa kwa miguu, mikono mfukoni. Nguzo moja katikati ya njia, yenye upenyo wa mita 1.5 kila upande, inazuia gari vizuri kabisa. Pikipiki haizuiliki kwa chuma, inazuilika kwa mtu anayekuja kukagua, na huyo sijawahi kukutana naye.

Na kwa kuwa tunaongelea utulivu, niseme na hili: wenzangu mnaofunga spika kwenye usukani, mnatafuta nini huko? Umesafiri mbali kuukimbia mji, umefika mahali ambapo ndege wa majini ungemsikia kabla hujamwona, unafungulia muziki ambao hata nyumbani jirani angekugongea mlango. Ndani ya handaki ndiyo balaa zaidi. Ukuta unarudisha kila kitu mara tatu, na mtu anayekuja upande wa pili bila taa hakusikii ukipiga kengele. Gari angalau lina shughuli linayoikimbilia.

Naomba yafuatayo. Makala ijayo ya aina hii, chini ya ile picha ya jua likizama, mchapishe mchoro wa kupanda na kushuka kwa njia nzima, usiopungua sentimita 8 kwa upana, ili mwenye magoti yake ajue anachoingia. Pembeni muandike njia ni lami, changarawe au tope, na idadi ya vyuma vya kuvuka. Yule mwandishi naye arudishwe bondeni, safari hii kwenye kibarabara cha ubavuni, alasiri, kuelekea mto unakoshuka, akiwa na kilo 20 kwenye baiskeli. Kama hana vitu vya kufikisha kilo hizo, ajazie nakala za gazeti lenu zilizobaki ghalani. Akifika kwenye chuma cha kwanza asisaidiwe.

Nimeitazama tena ile picha yenu kwa miwani. Baiskeli ile haina mkoba, haina tope, haina hata keria. Ya kwangu nitamwazima, mikoba atafute mwenyewe.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa siku nyingi