Simu Haijaanguka

Ndugu yangu Idi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, nawe natumai hujambo pamoja na shemeji na watoto. Kimya kimekuwa kirefu, lakini hata wewe hukuandika, kwa hiyo tusilaumiane. Kilichonishikisha kalamu ni lile jibu lako kwa picha niliyokutumia: "Simu imeanguka?" Nimecheka sana, ila lazima nijitetee.

Simu haijaanguka. Ile ni miti. Jua lilikuwa linazama nyuma yake, nami nikaiteremsha simu taratibu kutoka juu kwenda chini wakati shata, ule mlango wa kuingiza mwanga, iko wazi. Ndiyo maana unaona michirizi mitupu: myeusi ni vigogo, ya rangi ya chungwa ni anga lililopenya katikati. Majani yamepotea, na nilitaka yapotee.

Nikueleze kidogo, maana najua utauliza hata ukijifanya hujali. Kwenye kamera naingia ule upande wa kurekebisha mwenyewe, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naishusha mpaka chini kabisa, shata naiacha wazi kati ya robo na nusu sekunde. Naanza kuisogeza simu kwanza, ndipo nabonyeza. Miti inataka mwendo wa juu kwenda chini. Maji na upeo wa macho vinataka wa kando. Ukienda kinyume, mara nyingi unapata uji. Tabu ni mchana, kwa sababu simu nyingi tundu lake la mwanga halibadiliki, na jua likiwa kali hiyo nusu sekunde inaiacha picha nyeupe pee. Dawa yangu ni miwani ya jua, naishika mbele ya lenzi. Wanaopita hunitazama kwa huruma. Halafu kuna kile kidude cha ndani cha kutuliza picha, ambacho kazi yake ni kushindana na mkono unaotikisika, na mimi mkono nautikisa makusudi! Ikiwezekana nakizima, isipowezekana naongeza mwendo. Wenye iPhone wanaweza kupiga Live Photo, ile picha yenye mwendo kidogo ndani yake, na kuigeuza baadaye ionekane shata ilikaa wazi muda mrefu, lakini hapo simu inatakiwa itulie na maji ndiyo yatembee. Kwa maporomoko sawa. Kwangu mimi, bado.

Sasa linaloninyima raha. Nikimaliza kupiga nabaki na rundo la vurugu, na sijui kwa nini moja inanishika na jirani yake naifuta bila kusita. Mti ule ule, mwendo ule ule. Kuna moja ya manyasi: niliiingiza simu katikati yake mpaka unyasi mmoja ukagusa lenzi, ukawa pazia la kijani upande wote wa kushoto. Nyuma kabisa kuna doa jeupe, ua. Hiyo siichoki. Nikajiambia ni lile doa, jicho linapata pa kutua. Lakini ile ya miti haina pa kutua hata kidogo, na bado... Unaona? Kila nikipata kanuni, picha inayofuata inaivunja.

Na usianze hadithi yako ya kuhesabu kila jani. Mchoraji Monet na wenzake walipofanya maonyesho yao ya kwanza Paris mwaka 1874, walichekwa kwamba kazi zao hazijamalizika. Unajua walionyeshea wapi? Kwenye iliyokuwa studio ya Nadar, mpiga picha! Halafu wewe, mwenye kamera ya maana, ndiye unayenicheka.

Basi nina ombi. Mwalimu anataka moja ya kutundika sebuleni, na yeye kila kitu husema "nzuri." Nimekutumia hizo mbili kama faili, zisibanwe njiani. Zifungue kwenye skrini kubwa, kisha rudi nyuma hatua kadhaa.

Ungetundika ipi? Ukiwa mbali, miti unaiona au bado unaona simu imeanguka? Lile doa jeupe niliache pale lilipo au nikate ukingo lisogee? Na shemeji, kweli ndiye aliyesema ile ya miti ni moto, kama ulivyoniambia, au umemsingizia? Lenzi yako iliyoingia ukungu ilitengenezeka? Nijibu upesi, Mwalimu keshaanza kuulizia fremu.

Wako,
Juma