Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: chaza wetu kutoka gatini hadi mezani

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa utaratibu tuliojiwekea, naleta mbele yenu taarifa ya mwaka ulioishia Agosti. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, nami sitaziingilia. Nitashika jambo moja lililonikaa moyoni mwaka mzima, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya chaza tuliowapoteza hawakuuawa na ugonjwa wala na kaa, bali walipotea mikononi mwetu wenyewe, ama kwa kuachwa bila kuangaliwa kwenye vizimba, ama kwa kuharibiwa katika saa chache baina ya gati na chungu.

Kwa faida ya familia zilizojiunga karibuni, naomba nieleze kwa ufupi kazi yetu. Tunaishi kandokando ya mito inayomimina maji yake katika Ghuba ya Chesapeake, jimboni Virginia, Marekani, na jimbo hili humruhusu mwenye gati lake kufuga chaza kwa matumizi ya nyumbani baada ya kupata kibali kutoka Virginia Marine Resources Commission, idara ya jimbo inayosimamia mali ya majini, mradi vizimba visizidi futi za mraba 160 na mavuno yasiuzwe. Hilo la kutouza nalirudia kila mwaka kwa sababu kila mwaka yupo anayeuliza. Wengi wetu tumetoka Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, ambako chaza hubanduliwa mwambani au kwenye mizizi ya mikoko maji yanapokupwa, na hakuna anayemlea. Chaza wa huku, anayeitwa kitaalamu Crassostrea virginica, huletwa gatini akiwa kifaranga kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kufikia inchi tatu. Ni mgeni anayekaa nyumbani muda mrefu, na anahitaji mwenyeji asiyemsahau.

Vifaranga tulivyogawana msimu uliopita vilikuwa vya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kawaida, yenye seti mbili za kromosomu, na ya pili ni ya chaza tasa wenye seti tatu, ambao hawatumii nguvu zao kutaga mayai wakati wa kiangazi na kwa hiyo hubaki wanene hata Julai, wakati wenzao wamekonda na kuwa kama maji. Tunawapata chaza hawa kutokana na kazi ndefu ya watafiti, wakiwemo wa Virginia Institute of Marine Science kule Gloucester Point, waliochagua kizazi baada ya kizazi wale waliostahimili maradhi mawili yaliyoangamiza chaza wa ghuba hii: Dermo, iliyotambuliwa humu mwaka 1949, na MSX, iliyoonekana sehemu ya kusini ya ghuba mwaka 1959. Maradhi haya humuua chaza, lakini hayamdhuru mlaji. Pendekezo langu kwa msimu ujao ni kwamba familia zinazofuga kwa ajili ya kula zichukue zaidi wale tasa, na wale wa kawaida wapewe wanaolea kwa ajili ya kurudisha chaza kwenye miamba ya ghuba, kwa sababu huko kuzaa kwao ndiko kunakotakiwa.

Sasa nije kwenye matunzo. Mfuko wa wavu ukiachwa majini wiki tatu mwezi wa Juni, matundu yake huziba kwa tope, mwani na vile viumbe laini vinavyorusha maji ukivibonyeza, hata maji yasipite tena. Chaza hula kwa kuchuja maji, na mkubwa mwenye afya anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku katika maji ya joto yanayomfaa. Ukimzibia maji, umemzibia chakula na pumzi. Dawa yake ni ya bure: ugeuze mfuko upande wa pili ili uliokuwa ndani ya maji upigwe na jua, halafu uutikise vizuri. Kutikisa huku hakusafishi tu. Humvunja chaza ile ncha nyembamba ya kombe lake, naye badala ya kurefuka kama kijiko hujenga kina, na kina hicho ndicho kinachobeba nyama. Nilipopita magati ya wanachama mwezi Aprili, niliweza kusema bila kuuliza nani hutikisa mifuko yake na nani huiacha. Chaza wa mtikisaji walikuwa wa duara na wazito mkononi; wa yule mwingine walikuwa warefu, wameshikamana watatu watatu, na makombe yao yalivunjika kisu kilipoyagusa.

Hasara kubwa kuliko zote ilitokea Januari, na ninaieleza kwa kirefu kwa sababu ilikuwa ya kuepukika. Hapa kwetu upepo mkali wa kaskazini-magharibi husukuma maji nje ya ghuba, na maji yakikupwa wakati huo hukupwa kupita kiasi cha kawaida. Familia kadhaa, na yangu ikiwemo, tuliacha mifuko ikielea kwenye maboya kama wakati wa kiangazi. Usiku ule maji yalituacha, mifuko ikalala juu ya tope hewani, na kufikia alfajiri chaza walikuwa wameganda. Chaza huvumilia maji ya baridi kali kwa kujifunga na kulala, lakini havumilii hewa inayogandisha. Nilipoinua mfuko wangu wiki ile makombe yalikuwa wazi, na harufu yake sijaisahau. Kuanzia sasa naomba liwe sharti la chama kwamba kabla ya mwisho wa Novemba kila mwanachama awe ameondoa maboya na kuzamisha vizimba vyake mahali ambapo maji hayakauki, vikiwa vimeinuliwa kidogo juu ya tope. Utaratibu huo wa kuzamisha utatufaa pia kimbunga kinapotangazwa.

Kuhusu maji yenyewe, naomba tusidanganywe na macho. Idara ya Afya ya Virginia hupima maji na kuyapanga, na mahali palipofungwa kwa mavuno pamefungwa hata kama maji yanang'aa. Wenzetu wa mto Lafayette, Norfolk, hawali chaza wanaowalea, na nawashukuru kwa dhati kwamba hawakuacha kuwalea. Chaza wao huenda kwenye miamba ya kurudishia uhai wa mto. Kwamba jambo hili lina matumaini, tazameni mto Lynnhaven, ambao sehemu yake ilifunguliwa tena kwa mavuno mwaka 2007 baada ya miaka mingi ya kufungwa. Kila mwanachama aangalie ramani ya eneo lake kabla ya kila mavuno, hasa baada ya mvua kubwa.

Jikoni sasa. Katika karamu yetu ya Juni, ndoo moja ya chaza ililetwa ikiwa imejazwa maji ya bomba ili, kwa maneno ya aliyeileta, wasikauke njiani. Nia ilikuwa njema, lakini chaza ni kiumbe wa maji ya chumvi na maji yasiyo na chumvi humuua. Ilitubidi tuimwage ndoo yote mbele ya wageni. Utaratibu ulio sahihi ni huu: wakitoka majini waoshwe kwa brashi, wapangwe upande wenye kina ukiwa chini ili maji yao yasimwagike, wafunikwe kitambaa kibichi, na wawekwe juu ya barafu iliyo na pa kuchuruzikia au kwenye jokofu lenye baridi ya nyuzi 7 za Selsiasi au chini ya hapo. Kabla ya kupika, yeyote aliye wazi agongwe, asipojifunga, atupwe.

Najua wapo wanaopenda kula chaza mbichi kama wenyeji wa hapa. Katika maji ya joto huishi bakteria aina ya Vibrio, ambao hawaletwi na uchafu, hawana harufu wala ladha, na hawauawi kwa ndimu wala kwa pilipili. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu, mmoja wao, Vibrio vulnificus, anaweza kuwa mauti. Wazee wetu wengi wana sukari. Kwa hiyo natangaza, kwa idhini ya kamati, kwamba katika shughuli za chama hatutaandaa chaza mbichi mwezi wowote wa mwaka.

Wala hatupotezi kitu, kwa sababu mapishi yetu ya pwani yanamfaa chaza huyu kuliko nilivyotarajia. Mchuzi wa nazi uliopikwa na akina mama wa kamati Machi ndio uliosifiwa zaidi. Chaza walichemshwa na makombe yao hadi wakafunguka, wakaachwa wachemke kwa dakika nne zaidi, kisha wakatolewa nyama, na maji yao yakachujwa kwa kitambaa na kuhifadhiwa. Kitunguu, tangawizi, thomu na bizari vilikaangwa, tui jepesi likatiwa pamoja na yale maji ya chaza, ambayo yana chumvi ya kutosha hata isihitajike nyingine, na tui zito likaja mwisho kwa moto mdogo, likifuatwa na chaza wenyewe na ndimu. Waliopenda kukaanga waliwaviringisha chaza katika unga wa mahindi wenye bizari na pilipili manga na kuwatia katika mafuta ya nyuzi 190 kwa dakika tatu. Wenyeji wa Virginia nao hukaanga kwa unga wa mahindi, na jirani mmoja aliyealikwa aliomba aelezwe siri ya ukwaju tuliowachovyea.

Swali la dini liliulizwa pia. Wengi wa Waislamu wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, yanayoruhusu viumbe wa baharini, lakini wageni wetu wa madhehebu ya Hanafi hawali chaza. Kuanzia karamu ijayo patakuwa na samaki kwenye chungu chake na mwiko wake.

Makombe yasitupwe. Kifaranga wa chaza anapoacha kuogelea hutafuta kitu kigumu cha kujishikiza, na hakuna anachokipenda kama kombe la chaza mwingine. Yakusanywe, yakauke juani kwa miezi kadhaa, na kamati itayapeleka kwenye vituo vya kukusanyia.

Vifaranga vya msimu ujao vinatarajiwa mwanzoni mwa Oktoba. Kila familia ije na nakala ya kibali chake, sanduku la barafu, na mifuko mitupu iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa. Aliyepoteza chaza wake Januari atapewa zamu ya kwanza.