Changizo la Kufungulia Maji Mikoko Yetu, Ng'ambo ya Mji wa Lindi

Ndugu zetu wana-Lindi, mliopo nyumbani na mliotawanyika Dar es Salaam na kwingineko: assalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Tunaomba mchango wa kuchimba mifereji. Kila tukisema tunarudisha mikoko, watu huuliza miche mingapi. Miche tumeshapanda, misimu miwili, ndani ya shamba la chumvi lililoachwa, na yote ikakauka. Tuta la zamani ndilo limefunga njia: maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, hayaingii, na ya mvua hayatoki. Mkoko hausubiri mpandaji. Mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini, ikadondoka, ikaelea hadi inase topeni. Tukilikata tuta na kuifukua mikondo ya zamani, bahari itapanda yenyewe.

Kwa nini sasa? Hewa ukaa itokanayo na mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa duniani inazuia joto lisitoke, bahari inapata moto, na vimbunga hupata nguvu kwa joto hilo. Wazee wanakisimulia kile cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Sisi tumeona watu wa Mtwara wakihamishwa kwa hofu ya kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji. Kisha Hidaya, Mei 2024. Mikoko haizuii kimbunga. Inapunguza makali ya mawimbi kabla hayajafika mlangoni, na milango yetu iko karibu sana na maji.

Ipo pia kazi yake isiyoonekana. Kila mti hula hewa ukaa na kuifanya shina na majani. Bara, jani likianguka huoza, na sehemu kubwa ya hewa ile hurudi juu. Kwenye mikoko, kaa huyavuta majani mashimoni, mengine hufukiwa na tope pamoja na mizizi, na humo hakuna hewa ya kuyaozesha upesi. Kaboni, ile iliyotoka kwenye hewa ukaa, hulala hapo kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana mikoko huhifadhi kaboni mara kadhaa kuliko msitu wa nchi kavu wa ukubwa uleule. Tope hilo likifukuliwa na kukaushwa, akiba ile hurudi hewani. Wachoma chokaa, ndugu zetu wa damu, tunawasihi na ninyi: msiikate mikoko iliyobaki kwa kuni.

Mahitaji ni shilingi 4,200,000: posho ya wachimbaji 30 kwa siku 12, kila mmoja 10,000 kwa siku, na 600,000 za makoleo, majembe na toroli. Wenyewe tumekusanya 1,150,000, nyingi zikiwa za akina mama wachuuzi wa dagaa. Zimebaki 3,050,000. Mikoko ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo kibali kilitangulia kuombwa. Michango ipokelewe na mtunza hazina wa kikundi kwa stakabadhi, na hesabu itabandikwa ubaoni kila Ijumaa.

Tutachimba wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, ili bamvua likija likute njia iko wazi. Asiye na fedha aje na jembe.