Wito wa harambee: sufuria ya Tawila haingojei sahihi

Assalaamu aleikum, na salamu kwa majirani zetu wote, wa msikiti na wa kanisa.

Wengi wenu mnamjua maalim wetu wa darasa la alasiri kwa ukali wake katika tajwidi. Wachache ndio wajuao kwamba alisoma Khartoum, mji mkuu wa Sudan, na kwamba alirudi Mombasa Mei 2023 na begi moja la mgongoni na ndara za kuogea, kwa kuwa vita vilivyoanza huko tarehe 15 Aprili vilimkuta bwenini. Chumbani walikuwa wanne. Mmoja wa wale watatu ni kijana wa El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, magharibi mwa Sudan, ambaye wenzake walipokimbilia mipakani yeye alirudi kwao kwa mamake. Ni kwa ajili ya kijana huyo tunawaandikia leo. Jina lake hatulitaji, kwa usalama wake.

Agosti 2025 alimtumia maalim ujumbe wa sauti, akieleza wanachokula. Alitaja neno "ambazi". Maalim alilijua kwa Kiarabu cha huko, akawa anatafuta la kwetu, mpaka bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele barazani akauliza, "Si mashudu hayo?" Ndiyo, mashudu: makapi yanayobaki karanga zikishakamuliwa mafuta. Hapa tunampa ng'ombe. El Fasher ilikuwa imezingirwa tangu Mei 2024, na wapiganaji wa RSF, kundi la wanamgambo linalopigana na jeshi la Sudan, wakaizungushia tuta la udongo asitoke mtu wala lisiingie gunia. Watu waliyaloweka mashudu wakayala. Halafu na mashudu nayo yakapanda bei.

Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ulianguka mikononi mwa RSF. Yaliyofuata mliyaona kwenye simu zenu, maana wauaji walijirekodi wenyewe. Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba katika hospitali ya uzazi ya Saudia peke yake waliuawa wagonjwa na waliokuwa nao zaidi ya 460. Aliyeweza kutembea alitembea kuelekea Tawila, kama kilomita 60 upande wa magharibi. Kijana wetu alifika siku ya nne. Mamake hakufika.

Leo yuko Tawila, mji mdogo uliofurika mamia ya maelfu ya waliohama makwao, anakoroga sufuria katika jiko la umma. Ombi letu ni hili: kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama tupate shilingi 600,000, jiko lile lisizime mwezi mzima wa kufunga. Mpaka Ijumaa iliyopita tulikuwa na 87,450.

Sasa, tulipolileta jambo hili baraza la Kibokoni, mzee mmoja alituuliza swali la haki. Si wakubwa wanazungumza? Mbona tusingoje wapatane?

Mzee, wanazungumza tangu 2004. Darfur iliwaka 2003, waasi waliotoka zaidi miongoni mwa Wafur, Wazaghawa na Wamasalit walipoinua silaha, na serikali ya Khartoum ikawapa bunduki vijana wa makabila ya wafugaji Waarabu, wale walioitwa Janjaweed. Aprili 2004 ilitiwa sahihi ya kusitisha vita mjini N'Djamena. Julai mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1556, likaipa Khartoum siku 30 iwanyang'anye silaha Janjaweed. Siku 30! Hao Janjaweed ndio walioundwa upya 2013 kuwa RSF. Mkataba wa Abuja, Mei 2006, ulitiwa sahihi na kundi moja tu kubwa la waasi. Wakaja askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, na Desemba 2020 muda wao ukaisha wakafunga virago. Kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kamanda mmoja wa Janjaweed, Ali Kushayb, alitiwa hatiani Oktoba 2025 kwa makosa ya 2003 na 2004. Mtoto aliyezaliwa siku ya makosa hayo sasa ana watoto wake.

Vita hivi vipya, baina ya jeshi la taifa chini ya Jenerali Burhan na RSF chini ya kamanda wao Hemedti, vilikuwa havijamaliza mwezi Marekani na Saudia zilipowakalisha pande zote mbili Jeddah. Tarehe 11 Mei 2023 waliahidi kuwalinda raia. Mwezi uliofuata, El Geneina, Darfur Magharibi, vijana walikuwa wakisimamishwa njiani na kuulizwa kabila. Aliyejibu Mmasalit hakuulizwa la pili. Gavana wa jimbo, Khamis Abakar, alilalamika kwenye televisheni, na siku ile ile akakamatwa na kuuawa. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilipokea makadirio ya watu kati ya 10,000 na 15,000 waliouawa katika mji huo mmoja. Waliosalia walikimbilia Adre, ng'ambo ya mpaka wa Chad, mwendo wa kilomita kama 30, na wengi walipigwa risasi hapo njiani.

Machi 2024, Baraza la Usalama likataka bunduki zinyamaze walau Ramadhani. Kura 14 ziliunga mkono, Urusi ikajizuia. Tulifunga na wao walifunga, na bunduki haikufunga hata siku moja.

Nchi yetu nayo imo, na tusijifiche. Juni 2023 IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, iliunda kamati ya nchi nne, Rais wetu akiwa mwenyekiti. Khartoum ikasema Kenya inaegemea RSF, na Julai wajumbe wa jeshi hawakuhudhuria kikao cha Addis Ababa. Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana Nairobi wakatia sahihi hati ya kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi wa Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwa ya mbele.

Hapo diplomasia ikabisha hodi Mombasa. Sudan ni mnywaji mkubwa wa chai yetu, na chai ya Kenya inapigwa mnada hapa hapa mjini. Mmoja wa waumini wetu ni kibarua wa kupakia katika ghala la chai huko Shimanzi. Anasema ziko wiki alizokwenda kazini asubuhi na kurudi mikono mitupu, magunia yamepangwa hadi darini na hakuna pa kuyapeleka. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia noti ya 500 katika kasha letu. Tulimwambia, wewe ndiye ungesaidiwa. Akasema alipokuwa akiyatazama magunia yale alikuwa akiwafikiria wanaoyangojea upande wa pili.

Kwa hiyo mtatuuliza, mazungumzo hayana faida? La, yanayo, ingawa hapa kamati yetu ilibishana usiku mzima. Wapo wenzetu wasemao vikao vyote ni chai na picha. Lakini Agosti 2024, wiki mbili tu baada ya kuthibitishwa njaa kamili katika kambi ya Zamzam nje ya El Fasher, Marekani iliitisha mazungumzo Uswisi. Jeshi halikwenda. Hata hivyo, kutokana na msukumo wa siku hizo, serikali ya jeshi ilikubali kufungua kivuko cha Adre, na malori ya chakula yakaanza kupita kuingia Darfur. Si amani, ni mlango. Ndicho ambacho vikao hivi vimewahi kuwapa watu wa Darfur kikashikika mkononi, nao mlango haupiki. Lazima awepo mtu upande wa ndani mwenye sufuria.

Septemba 2025 Marekani, Saudia, Misri na Imarati zilipendekeza miezi mitatu ya kusitisha vita ili misaada ipite. RSF ilikubali Novemba, ikiwa imekwisha kuimeza El Fasher. Jeshi likakataa, likisema kwanza RSF itoke mijini. Na ni mengi yasemwayo kuhusu silaha zinazowafikia RSF kutoka kwa mmoja wa hao wapatanishi, ambaye anakanusha. Sisi kamati ya mtaa hatuwezi kumuita mtu huyo mbele yetu. Tunaweza kununua adasi.

Wenye umri wa kukumbuka, kumbukeni Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, na siku zilizofuata watu waliulizwa wametoka wapi: wewe ni wa bara au wa pwani? Waliuawa zaidi ya 100, na maelfu wakalala katika uwanja wa kanisa. Baadhi ya kina mama wanaotupikia mahamri leo walivuka feri wakati ule na masufuria ya wali, bila kumuuliza mtu kabila. Na 2008, bara ilipowaka, sisi wenyewe tulingojea wageni watupatanishe. Kofi Annan, Mama Graça Machel na Mzee Mkapa walikaa Nairobi tangu Januari hadi sahihi ilipotiwa tarehe 28 Februari, kwenye ngazi za Harambee House. Kati ya Januari na tarehe hiyo, waliokuwa kambini walikula. Kuna aliyewalisha.

Hayo majiko ya Sudan hayana bwana mkubwa. Ni vijana wa mitaa waliojipanga vita vilipoanza, wanajiita Vyumba vya Dharura, na 2025 walipewa tuzo ya Rafto kule Norway. Jiko lenyewe wanaliita takiya, na wingi wake takaya, neno lililotoka kwenye nyumba za Masufi ambako msafiri na maskini walilishwa bila kuulizwa. (Hapa kwetu takia ni la kuegemea. Maalim asema ukishashiba utalihitaji.) Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, majiko mengi sana yalizima moto ndani ya siku chache. Ndiyo maana fungu dogo la mtaa kama letu lina uzito kuliko mnavyodhani.

Pesa zitafikaje? Ukweli mtupu: Ramadhani iliyopita tulijaribu njia moja, zikakwama wiki sita na kufika pungufu, na tuliwasomea hesabu hiyo hadharani, aibu yetu tukaila. Safari hii tunapitia kwa familia ya Kisudani iliyoko Nairobi ambayo maalim anaifahamu tangu chuoni. Wao hupokea shilingi, na ndugu zao huingiza fedha za Sudan katika Bankak, programu ya benki inayotumika hata Darfur kwa intaneti ya setilaiti. Noti huko ni adimu, na anayekubadilishia hukata chake, tena si kidogo. Kwa hiyo jiko humlipa mfanyabiashara moja kwa moja kwa simu, naye hutoa unga wa mawele, adasi, mafuta na chumvi. Tutatuma mafungu manne, si kwa mkupuo. La pili haliondoki mpaka risiti na picha za la kwanza zifike. Hatuahidi sahani ngapi, maana bei ya Jumatatu siyo ya Alhamisi.

Wapo watakaosema hapa Mombasa kwenyewe kuna wanaolala na njaa. Kweli, na futari ya mtaa iko pale pale. Mfuko wake hatuugusi hata senti. Wengine wameuliza tunasaidia upande gani. Tunasaidia upande ulioshika bakuli.

Makasha ni mawili mlangoni mwa madrasa. La kijani ni la zaka, na masharti yake mnayajua, mwenye shaka amuulize shekhe. La bluu ni la sadaka na mchango wa yeyote, na majirani zetu wa kanisa wametuahidi bahasha yao ya Jumapili. Kwa wa simu, namba imebandikwa ubaoni ofisini. Tafadhali msiichukue kwenye makundi ya WhatsApp, maana matapeli hawalali. Andika jina lako au "Tawila" tu, ukipenda usijulikane.

Harambee yenyewe ni Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, baada ya sala ya alasiri, uwanja wa madrasa. Kina mama watauza mahamri na mbaazi. Wanafunzi wa darasa la maalim watasoma, na atawakatiza wakikosea, tumeshindwa kumzuia. Kutakuwa na mnada: jogoo mmoja, mkeka wa ukindu, leso doti tatu, na gunia la chai lililotolewa na mfanyabiashara ambaye mzigo wake ulirudishwa. Bei ya kuanzia ameiacha tuipange wenyewe.

Kijana wa Tawila ameombwa atume ujumbe wa sauti siku hiyo, mtandao ukiruhusu. Akikosa kusikika, msione ajabu.

Njooni na watoto. Mahamri yatatoka saa kumi. Chai tunayo.